Nina shahada ya mafuta, mbona naazima nauli?

Shikamoo Mama Mawe,

Mimi ni binti wa miaka 28, mzaliwa wa Mikindani, Mtwara. Mei 2013, bajeti ya nishati iliposomwa bungeni na Mtwara ikawaka, nilikuwa kidato cha tatu. Tulijifungia ndani, moshi wa matairi ukiingia mpaka jikoni. Wakubwa waligombana na bomba la kupeleka gesi Dar es Salaam. Mimi akilini nilibaki na jambo moja: kitu kinachopiganiwa hivi, wanaokitafuta huko chini lazima wanalipwa vizuri. Nikakazana na sayansi, nikapata nafasi ya kusoma jiolojia ya petroli chuo kikuu. Bodi ya Mikopo ilinipa sehemu ya ada. Iliyobaki alilipa mjomba wangu, aliuza ekari mbili za mikorosho.

Sasa niko kwenye kampuni inayotoa huduma kwenye rigi, yaani mitambo ya kuchoronga visima. Nakusanya vipande vya mwamba vinavyopanda na tope la kuchorongea, naviosha, naviangalia kwa hadubini, nasoma gesi kwenye mashine na kuandika ripoti. Zamu ni saa kumi na mbili. Nalipwa dola 130 kwa siku ya kazi, wananikata asilimia 5. Nikirudi nyumbani hakuna kitu. Mwaka 2023 nilifanya siku 41. Mwaka 2024 siku 96. Mwaka huu, mpaka naandika barua hii, siku 12.

Nyumbani hawaelewi. Binamu yangu alimsomea mjomba kwenye simu kwamba wajiolojia Marekani wanapata dola 92,580 kwa mwaka. Mjomba akapiga hesabu kwa shilingi, akapata zaidi ya milioni 230. Tangu siku hiyo nikisema sina, ananiangalia kama mwizi. Kaka yangu anataka bodaboda. Mama hasemi kitu, na huo ukimya wake ndio unaoniumiza. Wiki iliyopita niliazima nauli kwa mwenye duka.

Nina njia tatu mbele yangu. Ya kwanza, niendelee kusubiri simu za rigi. Ya pili, nimeitwa na taasisi moja ya umma, ajira ya kudumu, mshahara wa msingi 1,800,000 kwa mwezi. Niliposikia nilicheka kwa uchungu, maana hizo napata kwa siku sita tu za rigi. Ya tatu, kuna wakala hapa Dar anasema ana nafasi Oman, dola 4,000 kwa mwezi bila kodi, ila nitangulize dola 600 za viza na vipimo.

Na kuna moja linanikera. Kwenye kisima cha mwisho alikuwepo mjiolojia mgeni aliyekuwa akisaini ripoti nilizoandika mimi. Dereva aliniambia yule analipwa dola 900 kwa siku. Mawe yale yale, tope lile lile. Je, ni rangi yangu, au kuna kitu sikijui?

Mtoto wa Gesi


Marahaba mwanangu,

Pole na hiyo nauli. Nami niliwahi kukopa nauli nikiwa na buti za rigi miguuni, kwa hiyo hapa unazungumza na mwenzio.

Nianze na zile dola 92,580, maana ndizo zilizoleta ugomvi nyumbani. Binamu yako hakudanganya. Ni takwimu ya serikali ya Marekani ya Mei 2023. Ila hakumsomea mjomba maelezo yake. Kwanza, ni kiwango cha katikati: nusu ya wanasayansi wa miamba na ardhi kule wanapata zaidi ya hapo, nusu pungufu. Pili, wamo humo wanaopima maji yaliyochafuliwa, wanaofuatilia matetemeko, wanaochora ramani za serikali. Wa mafuta hasa wako juu ya hapo. Tatu, ni kabla ya kodi, na kwa maisha ya kule, ambako pango la nyumba na bima ya afya vinakula fungu ambalo huko kwenu Mikindani hulijui. Nne, na hili ndilo kubwa: wengi wa hao wameajiriwa mwaka mzima. Wewe 2024 ulifanya kazi siku 96. Mjomba amechukua mshahara wa siku 365 wa mtu wa Houston akauvisha siku 96 za mtoto wa Mtwara.

Kwenye fani yetu, swali la "unalipwa kiasi gani kwa siku" ni swali la vijiweni. Swali la kweli ni siku ngapi kwa mwaka, na nani anajaza mapengo. Chukua kalamu tuhesabu pamoja. Dola tuifanye shilingi 2,500.

Siku 96 mara dola 130 ni dola 12,480, sawa na shilingi 31,200,000. Inavutia. Lakini ile asilimia 5 wanayokukata ni malipo ya awali tu. TRA wanataka hesabu ya mwaka, na kwa mtu binafsi, mapato yakivuka milioni 12 kwa mwaka unalipa 1,536,000 na asilimia 30 ya kinachozidi. Kwa mwaka huo kodi yako yote, kabla ya kuondoa gharama za kazi unazoweza kuthibitisha kwa risiti, ni 7,296,000. Kinabaki 23,904,000. Mwaka 2023, siku zako 41 zilizaa 13,325,000, kodi 1,933,500, ukabaki na 11,391,500. (Kama hujawahi kupeleka hesabu TRA, nenda kabla hawajakufuata. Sikutishi. Nimewaona wenzetu wakilipa faini kubwa kuliko kodi yenyewe.)

Jumlisha miaka miwili, gawa kwa miezi 24. Unapata kama 1,470,000 kwa mwezi. Hapo hujanunua bima ya afya, hujaweka senti ya uzeeni, na Bodi ya Mikopo hawajagonga mlango.

Sasa ile kazi uliyoicheka. Msingi 1,800,000. PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, unachukua asilimia 5, yaani 90,000. Kodi ya mshahara inakuja 341,000. Bima ya afya asilimia 3, 54,000. Bodi ya Mikopo asilimia 15 ya msingi, 270,000. Mkononi unapokea 1,045,000. Najua, inauma kuiona. Lakini mkopo ni deni lako popote ulipo, kwa hiyo uweke pembeni kwa pande zote mbili ili tupime haki. Bila mkopo unabaki na 1,315,000, na mwajiri anakuwekea PSSSF asilimia 15 nyingine, 270,000 kila mwezi, ambazo ni zako ingawa huzioni. Jumla 1,585,000, na ukiugua unatibiwa.

Umeona? Kazi ya kuchekwa imeipita kidogo ile ya dola. Na mwaka huu wenye siku 12 wala sijauingiza kwenye hesabu.

Usinielewe vibaya. Sisemi kila mtu akimbilie serikalini. Ungekuwa unapata siku 180 kwa mwaka, mwezi kazini mwezi nyumbani kama wanavyopangwa wenye mikataba ya kudumu ya rigi, ningekwambia baki huko na ufunge mdomo. Shida yako siyo dola 130. Shida ni kalenda.

Kalenda hiyo inaandikwa na nani? Na bei ya pipa kwanza. Sisi watu wa kutafuta ndio wa kwanza kukatwa bei ikianguka, kwa sababu kisima cha utafiti kinaweza kusubiri na kampuni isife. Kinachozalisha leo hakisubiri, ndiyo maana mhandisi wa uzalishaji hulala usingizi kuliko wewe. Mimi niliingia wakati mzuri. Gesi ya Pweza iligunduliwa 2010, ya Zafarani 2012, vitalu vya bahari kuu, yaani maeneo wanayogawiwa makampuni kutafuta gesi, vikawa na kelele za meli za kuchoronga, na hoteli za Mtwara zikapandisha bei mpaka walimu wakahama nyumba. Katikati ya 2014 pipa la mafuta lilikuwa juu ya dola 110. Januari 2016 lilishuka chini ya 30. Mkataba wangu ulikatika katikati ya hapo, kwa barua pepe ya mistari minne. Nilirudi Tabata nikafuga kuku wa mayai, 200. Mdondo ukaja ukawabeba 160 kwa wiki moja. Ndipo nikajifunza kwamba hata banda la kuku lina bei yake ya pipa. Aprili 2020 mambo yalifika mahali ambapo mafuta ya Marekani kwenye mikataba ya kuuziana yaligota bei ya chini ya sifuri, mwenye mafuta anamlipa mtu ayachukue. Mwaka huo sijui mjiolojia wa mkataba ambaye simu yake ililia.

Pili, makampuni huungana. Kampuni ya Shell ilipoinunua kampuni ya BG 2016, vitalu vile vile vikabadilisha mmiliki, na kila wakiungana, meza mbili za wajiolojia hugeuka moja. Tatu, maamuzi ya serikali. Gesi iliyogunduliwa nchini inakadiriwa kuwa futi za ujazo trilioni 57 na ushee, nyingi ikiwa bahari kuu, lakini mradi wa kuisindika Lindi umekuwa wa mazungumzo miaka na miaka. Januari 2021 Equinor, kampuni ya Norway, ilifuta dola milioni 982 za thamani ya mradi huo kwenye vitabu vyake. Juni 2022 makubaliano ya awali yalisainiwa Dodoma, matumaini yakarudi. Mwanangu, usipange harusi, nyumba wala bodaboda ya kaka kwa mradi ambao bado uko kwenye karatasi.

Sasa yule mgeni wa dola 900. Umeuliza kama ni rangi. Nitakujibu bila kukuficha: wakati mwingine ndiyo. Nimeona rigi ambapo mtu mwenye uzoefu mdogo kuliko wangu alilipwa mara nne yangu kwa sababu pasipoti yake ilitoka kaskazini, na akawa ananiuliza mimi jina la tabaka tulilomo. Mkataba wa mgeni una nyumba, tiketi, posho ya mazingira magumu na ada ya shule ya watoto. Wako una siku tu. Sheria ya Petroli ya 2015 na kanuni za ushirikishwaji wa Watanzania za 2017 ziliwekwa kwa ajili ya mambo kama hayo, na una haki ya kuuliza mpango wa mafunzo na wa kurithishana nafasi uko wapi. Uliza kwa maandishi, kwa adabu, na uhifadhi nakala.

Lakini si rangi peke yake, na sehemu hii ikikupita utabaki na uchungu miaka yote. Wewe unaandika kilichotoka kwenye chekecheke. Yeye anaamua. Anasema "simamisha hapa, tuweke bomba la chuma", au "endelea mita kumi, bado hatujagusa mchanga wenye gesi". Meli ya kuchoronga bahari kuu hukodiwa kwa mamia ya maelfu ya dola kwa siku. Akikosea mita kumi, anaweza kuingia kwenye gesi yenye mgandamizo mkubwa akiwa na tope jepesi, na hapo hatuzungumzii tena pesa, tunazungumzia watu. Saini yake kwenye ripoti yako ndiyo dola 900. Kwenye fani hii pesa haifuati anayeliona jiwe. Inamfuata anayesema hilo jiwe lina maana gani na akikosea anaulizwa yeye.

Ngazi zenyewe ziko hivi, kwa maneno ya kawaida. Chini yuko wewe, mkusanyaji na msomaji wa vipande. Juu yako yuko mjiolojia wa kisimani, huyo mgeni. Pembeni, ofisini, wapo wanaotafsiri data za mitetemo inayopitishwa ardhini na kusema wapi pachorongwe, wanaosoma vipimo vya ndani ya kisima kujua mwamba una nafasi kiasi gani ya kubeba gesi, na wanaojenga picha ya mwamba wote ulioshika gesi ndani ya kompyuta. Ofisini ndiko kwenye ajira za mwaka mzima na ndiko mishahara inakopanda kwa miaka: kumi ya kwanza polepole, kisha kwa kuruka, kama umewahi kukaa karibu na ugunduzi uliozaa kitu. Shahada ya uzamili inasaidia sana hapo. Kwa makampuni makubwa ya kigeni ndiyo tiketi ya mlangoni. Kujua Petrel au programu nyingine ya kutafsiri mitetemo kunasaidia kuliko cheti cha semina ya hotelini. Kiingereza cha kuandika ripoti fupi isiyo na mapambo kinasaidia kuliko watu wanavyokiri.

Kwa hiyo swali langu kuhusu ile taasisi ya umma siyo mshahara. Ni dawati. Kabla hujasaini, omba kujua utakaa wapi. Wakikwambia utakaa na data, yaani mitetemo ya vitalu, kumbukumbu za visima vya zamani, sampuli za ugunduzi wa gesi wa Songo Songo wa 1974 na Mnazi Bay wa 1982, chukua kazi hiyo kesho asubuhi, hata ingekuwa 1,500,000. Hakuna kampuni ya nje itakayokuruhusu ushike data ya bonde zima la pwani ukiwa na miaka 28. Baada ya miaka mitano utakuwa umeona visima vingi kuliko yule mgeni, na makampuni yakija kuomba vitalu yatamtafuta mtu wa namna hiyo. Wakikwambia utakuwa "ofisa" wa kupitisha barua na kuandaa vikao, basi sikiliza roho yako. Mafaili hayajawahi kumfundisha mtu mawe, na posho za safari zitakufurahisha miaka miwili tu.

Uliza pia kama wanapeleka watu masomoni na wanafungwa miaka mingapi wakirudi. Hiyo nayo ni sehemu ya mshahara, ingawa haionekani kwenye karatasi.

Kuhusu Oman. Mwanangu, usitoe hizo dola 600. Mwajiri wa kweli wa mafuta ndiye anayelipia viza, vipimo vya afya na tiketi. Anayekutaka utangulize pesa anauza matumaini yako, hana kitu kingine cha kuuza. Wakala halali ana leseni ya serikali ya kupeleka watu nje, na mkataba unausoma ukiwa hapa, ukiwa na jina la kampuni, anwani na cheo. Muulize jina la kampuni na la mtambo. Akisema "ni siri ya mteja", aga uondoke.

Na hata ingekuwa kweli, ifahamu bei yake. Oman ina ndugu zetu wengi wanaozungumza Kiswahili, kwa hiyo upweke wake si wa Aktiki. Ni kweli leo hakuna kodi ya mshahara. Iliyotangazwa 2025 itaanza 2028, asilimia 5, tena kwa kipato kinachozidi rial 42,000 kwa mwaka, kwa hiyo haikuhusu. Lakini nchi ile inabana nafasi za wageni ili vijana wake wapate kazi kwanza, na ina haki. Mgeni anayeingia kwa urahisi ni yule mwenye uzoefu ambao hawana, si mwenye siku 149 za chekecheke. Ukitaka kuwaona Waomani wa mafuta bila kupanda ndege, nenda nyumbani kwenu: kitalu cha gesi cha Ntorya huko Mtwara kinaendeshwa na kampuni yao. Peleka barua yako huko.

Kama taasisi haitakupa dawati la data, usibaki unatazama simu. Tazama wapi rigi zinafanya kazi za uendelezaji, siyo za kubahatisha. Uganda, mradi wa mafuta wa Tilenga peke yake umepangiwa visima zaidi ya 400, kazi ya miaka. Waganda wanatanguliza Waganda, kama tunavyotaka sisi hapa, lakini kampuni za huduma huhamisha watu wao, na kampuni yako inaweza kuwa na tawi kule. Ombi la kuhamishwa ni barua moja. Rukwa wanatafuta heliamu kwa mbinu zile zile ulizojifunza, mitetemo, kisima, gesi kwenye tope. Jotoardhi nayo, yaani mvuke wa ardhini wa kuzalisha umeme, Ngozi kule Mbeya na Olkaria ya Wakenya, inahitaji mtu anayesoma mwamba ukiwa unachorongwa. Malipo yake mara nyingi ni pungufu ya mafuta, sikudanganyi, lakini mvuke haujui bei ya pipa. Na kama una cheti cha kujiokoa baharini, kiangalie tarehe. Kikifa, kuna simu zitakazokupita bila wewe kujua.

Kitu kidogo ambacho nilichelewa kukijua: ukipigiwa simu ya rigi, usijibu "ndiyo" kwa bei ya siku peke yake. Omba siku za chini zinazolipwa hata mtambo ukisimama, omba malipo ya siku za safari, omba bima ya ajali iliyoandikwa jina lako. Kampuni inaweza kukukatalia dola 150 na ikakupa hayo matatu bila ubishi, kwa sababu yanatoka kwenye fungu lingine. Mwisho wa mwaka yanazidi zile dola 20.

Sasa mjomba. Hili nimeliacha nyuma makusudi, maana ndilo gumu.

Mjomba hakuuza ekari mbili za mikorosho ili upate cheti. Aliuza mti unaozaa kila mwaka, akitegemea mti mwingine utakaozaa kila mwaka. Kila msimu mnada ukifunguliwa, jirani aliyenunua shamba lile anavuna mbele ya macho yake. Ukimwambia "sina", anasikia "sikukumbuki". Kwa hiyo usimwambie kwa simu. Panda basi. Pitia kwanza kwa shangazi yako au mkubwa yeyote anayemheshimu, mweleze yeye kwanza, halafu muende wawili. Beba karatasi zako za malipo za miaka yote mitatu, zote, na mbegu za korosho umwekee mezani: 41, 96, 12. Mjomba ni mkulima. Ukimwonyesha kwamba kazi yako ina misimu, mwaka wa mvua na mwaka wa ukame, ataielewa haraka kuliko binamu yako mwenye simu.

Kisha taja kiasi. Kidogo, kisichokatika, kama 60,000 kwa mwezi, utakachotuma tarehe ile ile hata mwaka wa ukame. Usiahidi nyumba. Kaka mwambie bodaboda haipo mwaka huu wala ujao, mwambie mbele ya mjomba ili asije akauzunguka mlango wa nyuma kwa mama. Na mama, usimpelekee maelezo. Kaa naye jikoni jioni moja, mwambie uliazima nauli. Nadhani anajua tayari.

Ukishaonyeshwa dawati, niandikie.

Mama Mawe